Jina Lililochelewa: Vitabu Vitatu Juu ya Usonji wa Mtu Mzima, na Sikio la Mchungaji

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba mtu amjiaye mchungaji kwa faragha huleta mojawapo ya mambo matatu: dhambi inayomlemea, msiba uliompata, au ugomvi wa nyumbani. Lakini liko jambo la nne, ambalo mafundisho yetu ya uchungaji hayajalitaja vya kutosha. Mtu mzima, mwenye kazi na ndoa, pengine mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya, huja na kueleza kwamba tangu utoto amejiona mgeni katikati ya watu. Salamu ndefu humchosha kuliko kulima shamba. Kelele ambazo wengine hawazisikii humwumiza. Wenzake humwita mwenye kiburi, na mkewe humwita mwenye moyo wa jiwe. Sasa amesoma au amesikia habari za usonji, naye auliza kama yampasa kwenda kuchunguzwa. Mtu huyu hatafuti dawa. Anatafuta jina.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki vitabu vitatu vinavyogusa jambo hilo, vyote vya lugha ya Kiingereza: The Electricity of Every Living Thing cha Katherine May (2018), Autism and the Church cha Grant Macaskill (2019), na On the Spectrum cha Daniel Bowman (2021). Cha kwanza na cha tatu vimeandikwa na watu waliolipata jina hilo ukubwani; cha pili ni kazi ya mtaalamu wa Agano Jipya. Swali letu ni moja: je, vitabu hivi vyamsaidia mchungaji kumsikiliza mtu tuliyemtaja? Tutajibu kwamba ndiyo, lakini kila kimoja kina mahali ambapo chamwacha mchungaji wetu njiani.

Kwa nini jina limechelewa

Kabla ya kuvifikia vitabu vyenyewe, yafaa msomaji ajue kwa nini mtu wa miaka 45 aweza kuwa hajalisikia jina hili alipokuwa shuleni. Grunya Sukhareva aliandika habari za wavulana sita huko Moscow katika miaka ya 1920. Leo Kanner aliandika habari za watoto kumi na mmoja huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika za kwake huko Vienna mwaka 1944. Wote watatu waliandika juu ya watoto. Kwa hiyo kwa miaka mingi usonji ulihesabiwa kuwa jambo la utotoni, kana kwamba watoto wale hawakukua, hawakuoa wala kuolewa, wala hawakuketi katika viti vya kanisa.

Tena, kwa muda mrefu lawama iliwekwa juu ya wazazi. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alieneza fundisho kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu hakupendwa. Fundisho hilo lilikuwa limekwisha kupingwa mwaka 1964 na Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mwana mwenye usonji. Lakini liliwajeruhi akina mama wengi kabla ya kuachwa. Mwaka 1981 Lorna Wing wa London, daktari na mama wa binti mwenye usonji, aliifufua kazi ya Asperger na kuonyesha kwamba hali hii ina upana mkubwa kuliko ilivyodhaniwa: wapo wasioweza kusema, na wapo wasemao kwa ufasaha mwingi. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliingiza jina la Asperger mwaka 1994, kisha mwaka 2013 ukaliondoa na kuweka jina moja kwa wigo wote wa usonji. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imefuata njia hiyo hiyo. Orodha hiyo yakiri pia kwamba dalili huanza utotoni, lakini huenda zisionekane wazi mpaka baadaye, mahitaji ya maisha yanapouzidi uwezo wa mtu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo wa jambo letu. Mtu aweza kuyabeba maisha ya shule, kwa kuwa shule ina kengele na ratiba. Aweza kuyabeba maisha ya ujana akiwa na rafiki mmoja tu. Kisha huja ndoa, watoto, cheo kazini, mikutano na misiba, na nguzo alizokuwa akizishikilia huanguka moja baada ya nyingine. Hapo ndipo huanza kuuliza.

Uchunguzi wenyewe ni nini

Yako mawazo yasiyo sahihi juu ya uchunguzi huu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kuthibitisha usonji. Kazi yote ni ya kusikiliza na kutazama. Mtaalamu huuliza habari za utoto: mtoto alianza kusema lini, alichezaje, alipenda nini kupita kiasi, alifanyaje utaratibu wa nyumbani ulipobadilika. Ikiwezekana, mzazi au ndugu mkubwa huitwa kutoa ushuhuda, na ripoti za shule husomwa. Mtaalamu huuliza pia habari za kelele, mwanga, nguo na vyakula. Humwangalia mtu anavyozungumza. Tena hupima kama jambo lingine, kama sonona, wasiwasi wa kupindukia au majeraha ya zamani, laweza kueleza mambo hayo vizuri zaidi. Yako pia maswali ya kujijibia mwenyewe, kama yale 50 yaliyotolewa na Simon Baron-Cohen na wenzake mwaka 2001, lakini hayo huonyesha tu kama yafaa kuendelea, hayatoi hukumu.

Kwa mtu mzima ugumu ni mara mbili. Mashahidi wa utoto wake pengine wamefariki. Tena amejifunza, kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa, kuwaigiza wengine: kucheka wanapocheka, kukariri maswali ya kuuliza katika mazungumzo. Hivyo mtaalamu asiye mwangalifu huona uigizaji, hamwoni mtu. Wanawake wengi wamepitwa kwa sababu hii. Huko Uingereza sheria ya mwaka 2009 na mwongozo wa kitabibu wa mwaka 2012 vilitolewa mahususi kwa ajili ya watu wazima, na hata huko wengi hungoja muda mrefu.

Katherine May: kujitambua kabla ya kutambuliwa

Kitabu cha May chaanza ndani ya gari. Mwandishi, mwanamke akaribiaye miaka 40, mwenye mume na mtoto mdogo, asikia redioni mazungumzo juu ya usonji, naye ajitambua katika maneno ya mgeni. Wakati huo ameanza safari ya kutembea kwa miguu, sehemu baada ya sehemu, njia ya pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, kutoka Minehead hadi Poole, yenye urefu wa maili 630. Mambo mawili yasukwa pamoja: mwendo wa miguu na mwendo wa kuyafikiri upya maisha yake yote.

Nguvu ya kitabu hiki ni ukweli wake juu ya kipindi cha kati, yaani baada ya mtu kujishuku na kabla ya mtaalamu kusema. May aonyesha jinsi kumbukumbu za zamani zinavyorudi na kusomwa upya: mguso wa watu uliomjia kama umeme, uchovu usioelezeka baada ya karamu, hofu kwamba yeye ni mama mbaya. Wachungaji wengi watakutana na mtu akiwa katika kipindi hicho hasa. Kitabu hiki chatufundisha kwamba kipindi hicho si cha kujidekeza. Ni kazi nzito ya kuhesabu maisha, na mtu haifai aachwe aifanye peke yake.

Hata hivyo tunaona upungufu. Faraja ya May i katika miamba, bahari na upweke. Jumuiya ya waamini haina nafasi katika hesabu yake. Hatumlaumu, kwa kuwa hakukusudia kuandika theolojia. Lakini msomaji wa Kiafrika atauliza mara moja: je, yule asiyeweza kuondoka nyumbani siku nzima kwa ajili ya kutembea, kwa kuwa ukoo wote wamtazamia yeye, atapata wapi nafasi ya kupumua? Kwetu upweke wenyewe huhesabiwa kuwa kosa. Mtu ajitengaye hushukiwa uchawi au kiburi. Mchungaji apaswa kuijaza nafasi hiyo ambayo kitabu kimeiacha wazi.

Daniel Bowman: mwamini ajieleza

Bowman ni mshairi na mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Taylor, chuo cha Kikristo kilichoko Indiana, Marekani. Alitambuliwa kuwa na usonji akiwa na miaka 35. Kitabu chake ni mkusanyiko wa insha, nazo hazifuati mstari mmoja. Msomaji aliyezoea hotuba yenye vichwa vitatu atachoka mwanzoni. Asiache. Mwandishi aandika kama anavyofikiri, na namna hiyo yenyewe ni sehemu ya ushuhuda wake.

Hoja yake kuu ni kwamba usonji usitazamwe kwanza kama ugonjwa wa kuondolewa, bali kama mojawapo ya tofauti za bongo za wanadamu, yenye ugumu wake na karama zake. Asisitiza pia kwamba wenye usonji wasemwe kwa vinywa vyao wenyewe. Hapa twaona faida kubwa kwa kanisa. Mwamini aliyedhani kwa miaka 30 kwamba kushindwa kwake kuvumilia umati ni upungufu wa upendo hupata kutenganisha mambo mawili yaliyochanganyika: kilicho dhambi na kilicho umbo. Twasema wazi kwamba kuchanganya hayo mawili ni kosa la kitheolojia, wala si kosa la adabu tu. Mtu anapotubia umbo lake, hafiki kamwe kwenye ondoleo, kwa sababu hakuna kilichokosewa cha kuondolewa. Kesho atakuwa vilevile, naye atadhani neema imemkataa.

Lakini hoja hiyo ina ukingo wa pili, na hapo twamdai Bowman zaidi ya alivyotoa. Mtu mwenye usonji ni mwenye dhambi kama sisi sote. Aweza kumwumiza mkewe kwa ukali ambao si umbo lake bali ni ubinafsi wake. Jina jipya lisigeuzwe kuwa ondoleo la dhambi lisilo na toba. Mtaalamu hutoa maelezo, hatoi msamaha. Mchungaji naye hutangaza msamaha. Hatoi utambuzi wa kitabibu. Kila mmoja akae katika wito wake, na mtu yule atapona majeraha mengi.

Jambo la pili ni kwamba Bowman aandika akiwa na elimu, kazi na lugha. Wigo wa usonji unao pia wale wasiosema kabisa, na wale wahitajio msaada mchana na usiku. Kauli kwamba usonji ni tofauti tu yaweza kuwafariji wengine na kuwaudhi wazazi wa hao. Kanisa letu lisichague sauti moja na kuziacha nyingine.

Grant Macaskill: Maandiko na thamani ya mtu

Macaskill, profesa wa Agano Jipya katika Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, aanza mahali ambapo wanatheolojia hupaswa kuanza: Maandiko yasomwe namna gani juu ya jambo ambalo waandishi wake hawakulitaja kwa jina? Akataa kutafuta mistari michache na kuibandika juu ya usonji. Badala yake aenda kwa Paulo na Wakorintho. Kanisa lile lilipima watu kwa ufasaha, nasaba na uwezo wa kupendeza, nao ndio mtaji wa ulimwengu. Paulo aupindua mzani huo kwa msalaba wa Kristo. Kwa hiyo kanisa limpimalo mtu kwa wepesi wake wa kuchangamka limerudi Korintho.

Hiki ndicho kitabu chenye msingi imara kuliko vyote vitatu, na twakipendekeza kwa maktaba zetu. Upungufu wake kwa swali letu ni kwamba chasema zaidi na kanisa kuliko na yule abishaye hodi. Msomaji atajua vema kwa nini mwenye usonji ni kiungo cha heshima katika mwili. Hatajua vema amjibu nini mtu aulizaye kama atumie akiba yake kwenda kuchunguzwa au asitumie.

Jambo ambalo vitabu vyote vitatu havikuliona

Vitabu hivi vyote vyatoka kwenye nchi za Magharibi, na hata kipimo cha tabia kimetoka huko. Tuchukue mfano mmoja. Kutomtazama mtu machoni huhesabiwa miongoni mwa ishara za usonji. Lakini katika nyumba zetu nyingi mtoto aliyelelewa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa. Mtaalamu asiyeujua utamaduni huu aweza kuona ugonjwa palipo na adabu; na kinyume chake, aweza kudhani ni adabu tu ilhali mtu anateseka. Kwetu mahali pa kuangalia ni pengine: katika salamu. Yule ashindwaye kujua salamu ndefu ziishie wapi, apitaye njia ya nyuma ili asikutane na watu, ambaye kwenye msiba hajui aketi na nani wala aseme nini, huyo ndiye amebeba mzigo ambao jirani hawauoni.

Ibada zetu nazo zahitaji kuhakikiwa. Vipaza sauti hupigwa kana kwamba Mungu yu mbali. Baada ya baraka washarika hutoka kwa wimbo, hupeana mikono mstari mzima, kisha huanza mnada wa sadaka za mazao katikati ya vicheko na makelele. Kwa wengi wetu hiyo ni furaha. Kwa mwingine ndiyo sababu ya kukaa nyumbani, naye huandikwa katika orodha ya waliopoa. Lakini liturujia yenyewe, isiyobadilika Jumapili hata Jumapili, yaweza kuwa kimbilio lake, maana anajua kitakachofuata.

Urithi wetu wa Kilutheri

Yatupasa pia kuusema ukweli juu ya nyumba yetu. Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na waliokula pamoja na Luther, yasimulia habari za mtoto wa Dessau ambaye hakuweza kuishi kama wengine, na kwamba Luther alishauri azamishwe mtoni. Wakuu wa nchi hawakukubali. Wapo waliodhani baadaye kwamba mtoto huyo alikuwa na usonji. Hilo haliwezi kuthibitishwa, wala kitabu hicho si maandishi ya mkono wa Luther. Lakini hatuwezi kukinukuu pale kinapotupendeza na kukifunika pale kinapotuaibisha. Tena mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba Asperger, ambaye jina lake lilibebwa na wengi kwa faraja, alishiriki kuwapeleka watoto kwenye kituo cha Spiegelgrund huko Vienna, mahali ambapo watoto wenye ulemavu waliuawa chini ya utawala wa Kinazi. Basi jina laweza kuwa mlango, na laweza kuwa kaburi. Yategemea liko mkononi mwa nani, na kwa kusudi gani.

Hata hivyo urithi huo huo unayo dawa. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther aieleza amri ya nane kwa kututaka tumtetee jirani na kuyafasiri matendo yake kwa upande ulio mwema. Ni washarika wangapi wameitwa wenye kiburi, baridi au wakaidi, kwa sababu tu hakuna aliyeijaribu tafsiri iliyo njema? Mtu atafutaye uchunguzi ukubwani kwa kweli anaomba amri ya nane itimizwe juu yake. Anaomba maisha yake yafasiriwe kwa haki.

Hitimisho

Mchungaji afanye nini basi? Kwanza, asiseme kwamba kila mtu yuko hivyo. Maneno hayo husemwa kwa kufariji, lakini humfungia mtu mlango usoni. Pili, asikimbilie kukemea pepo. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, na Bwana aliliondoa swali lenyewe. Tatu, asitoe jina mwenyewe, kwa kuwa hakuitiwa kazi hiyo. Amsaidie mtu kuandika kumbukumbu za utoto wake, awatafute pamoja naye mama, shangazi au kaka waliomjua, na amwelekeze kwa mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili aliye karibu. Nne, amweleze kwa uaminifu kwamba huenda mtaalamu asipatikane, au gharama ikamshinda, au jibu likawa lingine. Na kwamba hata hivyo aliyoyaeleza juu ya maumivu yake ni ya kweli na yatasadikiwa. Tano, asingoje cheti ndipo apunguze sauti ya kipaza sauti.

KKKT imekwisha kuanza kazi hii upande wa watoto. Shule ya Rainbow ya Irente, Lushoto, ni shahidi. Lakini watoto hao watakua, na waliokwisha kukua bila kutambuliwa tayari wako kwetu: wanaimba sauti ya pili, wanatunza vitabu vya hesabu vya usharika, wanaondoka mara tu baada ya baraka. Vitabu vitatu tulivyovihakiki havitoshi, lakini vyatosha kutuaibisha kwamba hatukuuliza mapema. Kule Yeriko, Bartimayo alipoletwa mbele ya Bwana, ugonjwa wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, na bado Bwana alimwuliza ataka afanyiwe nini. Mchungaji aanze na swali hilo, kisha anyamaze na kusikiliza.